Nani Atamlipa Mwenye Msiri?

2 Juni 2024, Kagoma

Masika yamekwisha, nyasi za rweya, uwanda wetu wa malisho, zimeanza kupauka. Kibanjani, kwenye shamba la migomba na kahawa nyumbani, sina wasiwasi: kuna majani ya migomba, samadi, na nyasi tulizokata rweya tukatandaza chini ya kahawa. Taabu iko kwenye misiri, vishamba vya huko rweya ambako wanawake hulima njugu mawe na maharage. Maharage yakishang'olewa, ardhi hubaki wazi Juni, Julai na Agosti, na mvua ya kwanza ya vuli hushuka nayo kuelekea ziwani. Kwa vizazi vingi rweya imekilisha kibanja kwa nyasi na kwa mavi ya ng'ombe waliochungwa huko. Yenyewe haikurudishiwa kitu.

6 Juni

Dawa inajulikana. Peramiho, Padre Gerold Rupper aliwahimiza wakulima wa Ruvuma kupanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Hapa kwetu, Frederick Baijukya wa kituo cha utafiti cha Maruku aliichunguza mimea jamii ya kunde katika mashamba ya Bukoba, na tasnifu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Wageningen mwaka 2004. Utupa, marejea, mukuna: yote hufunika udongo na kuurudishia naitrojeni. Miaka 20 imepita, na misiri bado iko wazi.

Jioni nikamuuliza mama jirani kwa nini hapandi.

"Mwalimu, marejea hayapikwi. Nikiyapa robo ekari msimu mzima, watoto nitawapa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Elimu anayo, mbegu angepata. Asichoweza kumudu ni msimu mmoja wa maharage, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

15 Juni

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Mbeya, 8 Agosti 2022, na imewasaidia wengi. Lakini ruzuku hiyo huenda kwa anayenunua mfuko. Anayetengeneza rutuba shambani mwake, bila kununua chochote, hana foleni ya kusimama.

Kwingine hulipwa. Jimbo la Maryland, Marekani, lilitunga sheria mwaka 2004: kaya hutozwa ada kwenye bili ya maji taka, ada huingia mfuko maalumu, na sehemu ya fedha za mfuko huo humlipa mkulima, kwa ekari, akipanda ngano au shayiri ya kufunika shamba majira ya baridi. Hiyo ni kwa sababu mbolea inayosombwa huchafua Ghuba ya Chesapeake, na walio chini ya mto wamekubali kuchangia. Sisi tuna Ziwa Victoria. Anayekunywa maji yake na anayevua ndani yake wananufaika mama jirani akifunika msiri wake.

Karibu zaidi, Karagwe, mradi wa Emiti Nibwo Bulora umewalipa wakulima kwa kupanda miti inayohifadhi kaboni. Kenya, mradi wa shirika la Vi Agroforestry wa Kisumu na Kitale ulitia saini mkataba na mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia mwaka 2010, na hati za kwanza za kaboni ya udongo zikatoka Januari 2014. Naheshimu kazi hiyo, ila zaidi ya miaka mitatu ni mingi kwa mtu anayehesabu madebe ya maharage. Malipo ya kufunika udongo yaje kabla ya kupanda, na yamfikie mwanamke mkononi. Yakipitia kwa mwenye kibanja yataishia kwenye kahawa.

30 Juni

Kikao cha kikundi chetu cha wakulima, chini ya mwembe wa shule. Nimependekeza tutenge sehemu ya akiba yetu ya kahawa: mwanachama atakayeacha robo ekari chini ya marejea au mukuna kuanzia vuli apewe debe la maharage Septemba, na jingine Desemba akionyesha shamba lililofunikwa. Wanaume wawili wamepinga, wakisema msiri ni wa wake zao. Mama mmoja mzee akawauliza maharage wanayokula yanatoka wapi.

Tumepitisha wanawake wanne wa kuanzia. Kamba ya kupimia nitaileta mimi, mbegu tutaomba Maruku.