Ndege wa Kamusi na Ndege wa Kinamasi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, ndege ameshughulikiwa kwa wingi kama ishara na kwa uchache mno kama ndege. Akitajwa njiwa, mhakiki huandika amani. Akitajwa kunguru, huandika hila. Akitajwa ndege arudiye kwao, huandika uhamisho. Sina nia ya kuibeza mbinu hiyo, maana nimeifundisha kwa miaka mingi na ingali inanifaa darasani. Ninalotaka kulijadili hapa ni sharti lake moja ambalo aghalabu hatulitaji: kwamba ishara hukopa nguvu zake kutoka kwa kitu, na kwamba msomaji asiyekijua kitu hicho hurithi deni bila ya mali.

Suala hili hunishughulisha zaidi kati ya Agosti na Novemba, majira ambayo ndege wa maji huteremka kutoka kaskazini ya dunia kuikimbia baridi. Msomaji wa Mombasa au Lamu akisikia neno kitwitwi huona ufuo, maji yakipwa, na kundi la ndege wadogo likidonoadonoa mchangani. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, makundi hayo huonekana kila mwaka. Lakini ukoo wa vitwitwi ni mkubwa, na wamo ndani yake wasioijali bahari. Hao hufuata mito, mabwawa na vinamasi vya bara, na baadhi yao hushukia Trans Nzoia na Bungoma, mamia ya kilomita kutoka pwani. Kitale iko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,900. Hata hivyo nimewaona huko, wakitembea ukingoni mwa maji ya kunyweshea ng'ombe kana kwamba wamezaliwa hapo.

Mahali ninapopenda kuwatazama si pazuri. Ni bonde dogo upande wa Bungoma ambamo watu wamechimba udongo wa matofali, na mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua. Asubuhi, kabla ya wafyatuaji kuanza kazi, vitwitwi hufika mmoja mmoja. Yuko anayetikisa mkia bila kukoma, juu chini, juu chini, hata akiwa amesimama. Akishtuliwa huruka chini chini juu ya maji na kutoa mlio mwembamba wa haraka, na aliyewahi kuusikia hahitaji kuelezwa asili ya jina lake. Uzito wake ni wa gramu zipatazo 50. Yamkini miezi miwili kabla alikuwa kando ya mto wa Urusi au Finland.

Mama mmoja anayelima nduma bondeni humo alinikuta nimesimama na darubini yangu, akaniuliza, "Mwalimu, hao unawahesabu wa nini?" Nikamwambia kwamba ni wageni. Akajibu kwamba hilo alikuwa akilijua. "Mwaka wa ngapi huu nalima hapa, na yai lao sijaliona hata moja. Kuku akikosa kutaga kwako, ujue anataga kwa mwingine." Nilimwuliza huwaitaje. Akasema kwamba huwaita ndege wa maji tu.

Nililipeleka jibu hilo kwa wanafunzi wangu wa uzamili. Wote walikuwa wamekutana na neno kitwitwi katika masomo yao. Hakuna aliyewahi kumwona ndege mwenyewe, au, kwa usahihi zaidi, hakuna aliyejua kwamba amemwona. Kamusi zetu haziwasaidii sana, kwani mara nyingi huridhika na maelezo ya aina ya ndege. Basi tukawa na hali ambayo ingefaa kuitwa kinaya lau ingekuwa hadithini. Mkulima ana ndege na ameichunguza tabia yake kiasi cha kufikia hitimisho ambalo wanasayansi wamelithibitisha, lakini hana jina. Mwanafunzi analo jina, lakini hana ndege. Umbali baina yao ni mwendo wa matatu kwa nusu saa.

Inaweza kujibiwa kwamba fasihi haihitaji elimu ya viumbe. Nakubali, kwa kiasi. Hata hivyo, tuangalie ishara ya ndege wa safari. Kwa kawaida tunaifasiri kwa msamiati wa nyumbani na ugenini: ndege ameondoka kwao na anatamani kurudi. Katika vitwitwi wengi, wazazi hutangulia kuondoka, na makinda hufuata baadaye bila ya kiongozi. Mnamo Oktoba 2022, ndege mmoja wa ukoo huo, mwenye umri wa miezi mitano hivi na aliyebandikwa chombo cha kufuatiliwa kwa setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita zipatazo 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Hakuwahi kufika huko. Ndege huyo hatamani asichokijua, wala hakumbuki njia. Amebeba njia mwilini mwake. Kwake yeye, kwao ni wapi? Mhakiki anayelijua jambo hili hawezi tena kuandika uhamisho na kufunga daftari.

Nimesema kwamba njia imo mwilini mwa ndege. Mahali pa kutua hapamo. Mbuga ya Saiwa, karibu na Kitale, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, na eneo lake halifiki hata kilomita tatu za mraba. Nje ya mipaka hiyo midogo vinamasi vya magharibi vinakaushwa ili kupandwa mahindi, miwa na mikaratusi. Korongo mwenye taji, ambaye ni mwenyeji na hutaga humo humo kinamasini, aliorodheshwa kimataifa mwaka 2012 miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Siwalaumu wakulima, shamba la ekari moja halina nafasi ya huruma nyingi. Nasema tu kwamba kinamasi kikikauka, neno halifi siku hiyo. Hubaki kamusini, likiwa zima kwa nje na tupu kwa ndani.

Katika *Siku Njema* (1996), Ken Walibora alimtoa Kongowea Mswahili Tanga na kumleta hadi pande za Kitale kumtafuta babaye. Wahakiki wamesema, na kwa haki, kwamba ndani ya safari hiyo imo safari ya lugha yenyewe kutoka pwani hadi bara. Lugha imefika, hapana shaka. Lakini sehemu ya mizigo yake haijafunguliwa. Majina ya ndege, samaki, upepo na maji tumeyahifadhi kama urithi wa pwani, ilhali baadhi ya wenye majina hayo wanatua kila mwaka katika mashimo ya matofali ya Bungoma. Tangu mwaka uliopita nimeongeza zoezi moja katika kozi yangu ya ushairi: kila mwanafunzi achague neno moja la kiumbe alilolikuta katika shairi, akitafute kiumbe hicho alipo, kisha alete maelezo ambayo kamusi haikumpa. Mama wa nduma amekubali kutupokea, kwa sharti kwamba tusimkanyagie miche.