Safari ya Kulala Hemani Kisiwani Rubondo

Sisi wa upande wa Shinyanga tu watu wa nchi kavu. Maji tuyajuayo ni ya lambo na ya kisima, na mito yetu mingi hupita siku za masika tu, kisha hubaki mchanga. Kwa hiyo waalimu watano na nyumba tatu walipokubaliana kwenda kulala hemani kando ya Ziwa Viktoria katika likizo ya Juni, si wote waliofurahi. Wazee waliuliza, Mwaenda kutafuta nini porini, hali pori tunalo hapa?

Mahali tulipopachagua ni Rubondo, kisiwa kilichoko kusini magharibi ya ziwa, katika mkoa wa Geita. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Pamoja na maji yake na visiwa vidogo, eneo lake ni kilometa za mraba 457 hivi, na nchi yake kavu karibu yote ni msitu. Simba hakuna. Ndiyo sababu wanyama wengine waliletwa humo wapate kimbilio. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezoea vizimba na kulishwa kwa mkono, nao wakajifunza wenyewe kutafuta matunda na kujenga viota mitini. Wazao wao wapo hata leo. Twiga na tembo waliletwa vilevile. Faru nao waliletwa, bali majangili wakawamaliza.

Yafaa watoto waambiwe jambo moja kabla hawajafika: kisiwa hiki hakikuwa kitupu. Wavuvi na wakulima walikuwa na nyumba zao humo, wakahamishiwa visiwa vya jirani na bara katika miaka ya 1960. Tena wavuvi wamekatazwa kutega nyavu katika maji ya hifadhi. Msukuma huelewa neno hili upesi kwa sababu ya ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Nazo ngitili zetu nyingi zilifufuliwa na kazi ya HASHI iliyoanza 1986. Walakini ngitili hufungwa na mwenyewe kwa faida ya mifugo yake. Huku aliyezuiwa ni mmoja, na anayekuja kutazama ni mwingine. Ni kweli kwamba samaki wanaozaliana humo hutoka hata wakaingia katika nyavu za nje, lakini twaona haifai mgeni kupita huko kama mwenye nyumba.

Shauri lililotuchukua jioni tatu ni la kuvuka. Njia ni mbili. Ukitoka Geita waweza kushuka Nkome, ukakaa majini yapata saa mbili. Au waweza kuendelea kwa gari hata Chato na Muganza, ukapanda mashua Kasenda, ambako kuvuka ni karibu nusu saa. Njia ya kwanza hupunguza barabara, ya pili hupunguza maji. Waalimu vijana walitaka Nkome. Ndipo mama mmoja akaitaja MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200. Hakuna aliyemjibu. Tukaamua Kasenda, tena asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha mwili, kwa kuwa la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini. Mama yule amesema atayakagua kwa mikono yake pale pwani, ndipo aseme ndiyo au hapana. Twaona ana haki.

Mengine ni mepesi. Ada, kiwanja cha hema na mashua ya hifadhi huulizwa na kupangwa mapema kwa TANAPA, si siku ya kufika. Kuoga ziwani hapana: mamba wapo, na kichocho kipo. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, basi sare za shule zibaki nyumbani. Vyandarua visisahauliwe. Kuni hazikatwi hifadhini, kwa hiyo twachukua jiko la gesi, na chakula kisichotaka moto mwingi. Matobolwa yatatufaa kuliko mkate, maana hayaozi wala hayapondeki mzigoni, na mtoto hula akitembea. Michembe tutapika jioni pamoja na karanga.

Mahema tunayo manne. Mawili yamebaki ya kuazima.