Aliyechoka hubadilishwa

Jumapili, 27 Oktoba 2024
Shinkolobwe. Vijana ninaowafundisha wamebishana mpaka giza: kati ya mcheza mpira na bondia, nani anatoka jasho zaidi? Wa mpira walimtaja Kidiaba, na timu yake ya Mazembe iliyofika fainali ya klabu za dunia Abu Dhabi mwaka 2010. Nikawaambia Kidiaba alikuwa golikipa; kwa habari ya mbio tumtazame kiungo. Huyo kwa dakika 90 humaliza kilomita 10 hivi, pengine zaidi. Lakini nyingi ni za kutembea na kukimbia polepole. Mbio kali ni za sekunde chache, kisha mpira ukienda upande wa pili anavuta pumzi.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimemvalisha glavu kiungo wetu, yule asiyechoka uwanjani, nikamweka mbele ya gunia la mchanga kwa raundi moja, dakika tatu. Dakika ya pili haijaisha, viwiko vimeshuka, mdomo uko wazi, ngumi zinaligusa gunia bila kulitikisa. "Papa, mikono imekufa, miguu bado mizima!" Ndivyo ilivyo. Mikono iliyoinuliwa kulinda uso inafanya kazi hata kama haipigi, na asiyezoea hubana pumzi kila anaporusha ngumi.

Jioni bondia wetu aliingia uwanjani. Kumfukuza winga, kusimama ghafla, kugeuka, kuondoka tena: misuli ya nyuma ya paja ilimkaza kabla ya mapumziko. Kila mmoja ana nguvu za kazi aliyoizoea.

Jumatano, 30 Oktoba
Leo imetimia miaka 50 tangu bondia Ali alipompiga bondia mwenzake Foreman kule Kinshasa. Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha mwenzake arushe ngumi nzito, nyingi zikiishia mikononi au hewani. Na ngumi iliyokosa inachosha kuliko iliyopata, maana mwili wenyewe ndio unaoizuia. Raundi ya nane Foreman akaanguka. Hazikutimia dakika 24 za kupigana. Kwenye mpira, hapo hata kipindi cha kwanza bado.

Kwangu ubishi umekwisha: masumbwi ni magumu zaidi. Si kwa jasho tu. Mchezaji aliyechoka anainua mkono, kocha anambadilisha, na siku hizi timu inaruhusiwa kubadilisha watano. Bondia hana wa akiba. Akichoka mikono inashuka, kichwa kinabaki wazi, na ngumi zinaendelea kuja.

Na hapa kwetu wapo wanaofika wamechoka tayari. Mgodi wetu wa urani ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, lakini kuchimba hakukuisha katika eneo hili. Baadhi ya vijana hawa huja mazoezini mabega yamechubuka kwa magunia ya mawe, tumboni hakuna hata bukari, yaani ugali. Wa namna hiyo acheze mpira kidogo akitaka. Kupigana, siku hiyo simruhusu.