Bonde Lililochimbwa na Barafu

Kila mtoto aliyelelewa katika nchi ya vilima ajua umbo la bonde la mto. Pande zake mbili huteremka mpaka zikutane penye maji, mfano wa herufi V. Maji ni msumeno. Hukata mahali pamoja siku zote. Kwa hiyo mtu apandaye Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, akiisha kuupita msitu na mianzi na yale matope ya nyika ya juu, hustaajabu aingiapo Bonde la Teleki. Kuta zake zimesimama wima, na sakafu yake ni pana kama tumbo la mtumbwi. Kijito kipitacho katikati mwanafunzi yeyote aweza kukiruka. Kijito kama hicho chawezaje kuchimba shimo la ukubwa ule?

Aliyechimba ni barafu. Krapf alipoandika mwaka 1849 kwamba ameona theluji juu ya mlima huu, wataalamu kadhaa wa Ulaya walikataa kusadiki kuwa theluji yaweza kukaa kwenye ikweta. Wenyeji, walioutazama weupe wa Kirinyaga kila kukicha, hawakuulizwa. Mwaka 1893 J. W. Gregory alifika kwenye barafu yenyewe, naye akaona jambo kubwa zaidi: matuta ya mawe, mbali sana chini ya barafu ya siku zake, ambayo hayakuweza kuletwa na kitu kingine.

Theluji ikirundikana miaka mingi hushindiliwa na uzito wake ikawa barafu, na barafu nyingi hutambaa polepole kuteremka mlima. Mawe yaliyogandia tumboni mwake huusugua mwamba kama tupa isuguavyo chuma. Mwisho wa safari yake huyeyuka na kuutua mzigo. Katika Bonde la Teleki matuta hayo yapo hata karibu na mita 3,200 juu ya bahari, nayo barafu ya leo imekimbilia zaidi ya mita elfu moja juu yake. Ni rahisi kuyatambua. Mto huchagua mzigo wake kama mwanamke apetaye nafaka: kokoto hapa, mchanga pale, tope laini mbali kabisa. Barafu haichagui. Jiwe kubwa kama ng'ombe hulala ndani ya vumbi lililosagwa kama unga.

Barafu ilipojivuta juu, iliacha mashimo, nayo mashimo yakawa maziwa, kama lile la Michaelson katika Bonde la Gorges. Mimi nayapenda maziwa haya kuliko vilele vyenyewe, maana hayatupi kitu. Kila mwaka tabaka jembamba la tope hutua chini yake. Wataalamu huingiza bomba katika tope hilo na kulitoa likiwa zima, la chini kabisa likiwa la kale kabisa. Katika ziwa dogo la Hausburg, tope lenye unga mwingi wa mwamba laonyesha miaka ambayo barafu ilikuwa kubwa na kusaga sana. Tope jeusi, lenye mabaki ya mimea, laonyesha miaka iliponyauka. Nalo Ziwa Sacred, ambalo ni shimo la volkano chini msituni, limehifadhi chavua ya maua ya maelfu ya miaka. Coetzee aliichunguza katika miaka ya 1960, akaona kwamba zamani za baridi msitu uliteremka mbali chini, na pale penye miti mikubwa leo palikuwa na mimea ya nyika baridi.

Barafu ya Lewis imepimwa tangu mwaka 1934, na sasa kimebaki kipande tu. Mzee aliyeniongoza alinionyesha kwa fimbo mahali ilipofika alipoanza kazi hii akiwa kijana. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, barafu ikiisha, mto utakauka? Sisi huku chini twagombania maji kila kiangazi."

Nilimwambia, "Mzee wangu, barafu yote ya mlima huu leo haifiki kilomita moja ya mraba. Maji ya mto karibu yote ni mvua. Huitunza msitu, na nyika hii yenye tope, na kokoto ambazo barafu ya kale iliziacha hapa tunapokanyaga." Nikamkumbusha mioto ya mwaka 2012 na 2019, iliyoteketeza nyika ya juu.

Hakunijibu. Aliidunga fimbo yake katika tope la kando ya njia, akaichomoa, nasi tukasimama tukitazama lile tundu likijaa maji.