Ufunguo wa ghala ulibaki kwa Baba

Mzee mmoja wa Ruhuwiko, Songea, alikuwa na miaka 71 alipofanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo Dar es Salaam. Alirudi nyumbani akitembea vizuri, pumzi haimkati tena. Familia ikamshukuru Mungu.

Wiki haikuisha, akamuuliza binti yake mara nne asubuhi moja: "Mwanangu, mbolea tumeshanunua?" Mtu aliyekuwa akitaja kwa kichwa magunia ya mahindi ya kila msimu, sasa alipotelea katikati ya hesabu.

Maneno yakaanza. Jirani akasema mzee amerogwa. Watoto wa kiume wakataka anyang'anywe ufunguo wa ghala kabla hajauza mahindi kwa bei ya kutupa. Mzee aliwasikia. Siku hiyo hakula.

Binti alimpeleka kliniki, akaelezwa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Katika upasuaji mwingi wa moyo, mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Presha ikishuka sana, au damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye ubongo nayo hushuka. Zipo hospitali zinazobandika vipimo kwenye paji la uso, vinavyopima oksijeni hiyo kwa mwanga, ili madaktari wachukue hatua mapema. Lakini oksijeni si sababu pekee. Umri mkubwa, vipande vidogo vya damu iliyoganda na hali ya ubongo kabla ya upasuaji navyo huchangia. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Wachache hubaki na upungufu.

"Kabla ya upasuaji kumbukumbu yake ilikuwaje?" daktari aliuliza.

Binti alinyamaza. Alikumbuka kuwa msimu uliopita baba alikuwa ameanza kumwomba arudie hesabu zake. Waliona ni uzee, hakuna aliyemwambia daktari.

Jioni aliwaita kaka zake. Ufunguo ukabaki kwa baba, ila kila gunia linalotoka liandikwe kwenye daftari, wakihesabu wawili. Miezi ikapita. Swali la mbolea likapungua, ingawa daftari bado lipo.

Ukiwa na mzazi anayesubiri upasuaji wa moyo, mweleze daktari mapema anavyokumbuka, anavyolala na dawa anazotumia. Uliza ubongo wake utalindwaje. Akirudi, mkumbushe kwa upole, usimcheke mbele ya wajukuu. Lakini akipooza upande mmoja au maneno yakikwama ghafla, msisubiri kupambazuke, mkimbizeni hospitali.

Msimu huu mzee alihesabu magunia, akasita, akamtazama binti yake.

"Tulifika ngapi?"

"Ishirini na tatu, Baba."

Akaendelea: "Ishirini na nne."