Kariakoo, na redio ya marehemu baba

Kama wikiendi zenu wawili zimebaki kuwa kochi moja na kila mtu na simu yake, nina mahali pa kuwapeleka. Si ufukweni. Ni Kariakoo, mchana wa jua kali, na mikononi mmebeba redio mbovu ya ukoo.

Cheka tu. Siku hizi wapo vijana wa maofisini wanaochukua kasha la redio ya kale, wanafunga ndani yake amplifaya waliyoiunga wenyewe, basi muziki wa kwenye simu unatokea pale babu alipokuwa akisikilizia taarifa ya habari. Ugonjwa huo ulimpata na mwenzangu. Tatizo, kasha alilolipenda lilikuwa la kwetu: Philips ya mbao, ya vali, ambayo marehemu baba aliinunua Tanga miaka ya 60 alipoanza ualimu. Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyeruhusiwa kugusa swichi zake zaidi ya yeye.

"Tutoe tu hizo takataka za ndani," mume wangu akasema. Takataka! Tulinuniana siku tatu. Ya nne tukakubaliana kwenda kumsikiliza fundi kwanza, na atakayosema yapimwe na wote wawili.

Panda mwendokasi mshuke Gerezani. Gari lako liache nyumbani, maana Jumamosi pale hata mkokoteni unagombea njia. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo mtaa mzima bado unabeba mizigo. "Pisha, pisha!" ndiyo salamu yake. Mtaa wa Congo ukipita na nguo zako mpya hakuna atakayekutazama, wanatazama unachotaka kununua. Mkifika Aggrey kwenye vifaa vya umeme, kila duka linapiga wimbo wake kwa sauti ya juu. Shikaneni mikono, si kwa mahaba tu, msije mkapotezana.

Fundi wetu ana meza moja kwenye ujia wa ghorofa. Alifungua mgongo wa redio, akatoa waya mwembamba wenye rezista, akaugusisha hapa na pale kabla hajatia kidole.

"Shemeji, mwisho kuchomekwa lini?"

"Miaka mingi," mwenzangu akajibu.

"Sawa, ila mimi siamini miaka." Akatueleza kuwa redio ya vali ndani yake inapita volti 200 na zaidi, na kapasita zinaweza kuendelea kutunza umeme baada ya plagi kuchomolewa. Zipo pia za zamani zisizo na transfoma, ambazo chesisi yenyewe ya chuma inaweza kuwa na umeme wa ukutani. Kwa hiyo ndugu zangu mnaojifunza ufundi kwenye video usiku, hapo msijaribu bila mtu anayejua.

Kisha akanigeukia mimi. Sijui alijuaje. "Dada, hii ya nani?"

Nikamwambia.

"Ukisema nikate, nakata. Vali na transfoma nanunua hata leo. Ila nikishakata, usinirudie."

Mwenzangu alinyamaza. Bei aliyotajiwa ilikuwa nzuri, nami niliona jicho lake linavyohesabu. Nikauliza swali moja: lazima kukata? Fundi akageuza kasha, akatuonyesha skrubu nne chini yake. Chesisi yote, na vali zake, na vumbi lake, inatoka nzima kama droo. Kasha linabaki tupu, tayari kwa kingine, na siku yoyote mtu akitaka kumrudishia baba redio yake, skrubu ni zile zile.

Hapo ndipo mume wangu alipochangamka hadi nikamsamehe ile "takataka". Tulirudi Gerezani kwa mafundi wa vyuma, tukakatiwa bamba la alumini lenye matundu manne kwa kipimo cha chesisi ya zamani. Mlio wa misumeno pale unaingia hadi kwenye meno. Bodi ya amplifaya tuliinunua Aggrey, ya aina ya TPA3116, ndogo kuliko kiganja. Imeandikwa wati 100 na muuzaji anaapa. Msiape naye. Wati hizo ni 50 kwa kila upande, na mnazipata mkiilisha volti 21 na kufunga spika za omu 4. Sisi tulitumia chaja ya zamani ya laptopu, volti 19, na spika za omu 8, kwa hiyo tunapata kama wati 20 kila upande. Sebuleni zinatosha na jirani anasikia.

Chaja hiyo ina faida nyingine: umeme wa volti 230 haungii kabisa ndani ya mbao, unaishia sakafuni. Na kipokezi cha Bluetooth tulikibandika kwenye ubao wa pembeni, juu ya alumini, kwa sababu kikizungukwa na chuma kinakuwa kiziwi, lakini mbao hazikizuii. Spika ya awali tuliiacha ipumzike. Karatasi yake ni ya umri wa baba, ingechanika kwa wimbo wa kwanza. Mpya ziko pembeni, kwenye visanduku vyake.

Tulilehemu wenyewe, mezani kwetu, Jumapili mbili. Yeye anashika waya, mimi nashika risasi, maana mkono wangu hautetemeki. Tulibishana mara moja tu, kuhusu kioo cha stesheni. Yeye alitaka kukiwekea taa ya bluu. Nikakataa, kina taa ya njano.

Chesisi ya baba imo kwenye boksi chini ya kitanda, imefungwa kwa kanga. Swichi ya kushoto sasa inaongeza sauti. Ya kulia bado inavuta uzi na kusogeza sindano juu ya namba, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kioo, ingawa haikamati stesheni yoyote. Mwanangu ameruhusiwa kuizungusha.