Rangi ya geti si rangi ya ekzosi

Mwaka jana niliharibia ndugu yangu siku ya kazi, na bado ananikumbusha. Ekzosi ya bodaboda yake ilikuwa na kutu. Mimi nikajifanya fundi, nikaipaka ile rangi nyeusi iliyobaki tulipopaka geti. Asubuhi akatoka nayo. Saa nne amerudi: rangi imefura mapovu, inafuka moshi, na abiria ameruka njiani akidhani pikipiki inawaka. Hakulipa.

Ndio nikaanza kusoma. Rangi ya geti inashikwa na resini ambayo uti wake ni kaboni, na kaboni ikipata joto kali inaungua tu, kama kuni. Resini ya silikoni ni mambo mengine. Uti wake ni atomu za silikoni na oksijeni zikipokezana, undugu na mchanga kabisa. Ikichanganywa na unga wa alumini, inaweza kuvumilia nyuzi 500 na zaidi.

Nikanunua mkebe, nikapaka, ikakauka. Kesho yake naibandua kwa kucha! Kumbe kukauka si kuiva. Resini nyingi za aina hii zinataka joto la nyuzi 200 hivi ndio zishikane kabisa. Maelezo yalikuwa nyuma ya mkebe kwa herufi za sisimizi, na muuzaji hakuniambia neno. Wauzaji, semeni jameni!

Mara ya tatu tulisugua hadi chuma, tukapaka nyembamba, tukawasha injini na kuiacha ipoe, mara kadhaa. Imeshika hadi leo. Ile nauli bado ananidai.